Kuzima simu peke yake hakumwinui mtoto kitini

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa watoto na skrini unapozuka, swali huwa lilelile: mtoto apewe saa ngapi? Huyu atasema moja, yule mbili, na hakosekani wa kusema simu zote zikusanywe zikafungiwe kabatini. Sisi tunaofundisha elimu ya viungo, pamoja na wenzetu wanaohudumia watoto kliniki, tunaomba swali hilo lisubiri kidogo, kwa kuwa lipo jingine linalolitangulia. Mtoto akinyang'anywa simu saa 11 jioni, anakwenda wapi, na anafanya nini akifika huko? Kama anahama tu kutoka kochi hili kwenda lile akiwa amenuna, simu imepumzika lakini moyo, misuli na mifupa yake havijapata kitu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule mbili za msingi mjini San Jose, Marekani. Shule moja ilipewa masomo 18 ya kuwafundisha watoto wa darasa la tatu na la nne kupunguza televisheni, video na gemu. Ya pili haikupewa chochote. Watoto wa shule ya kwanza walipunguza kweli, wakapungua pia milo waliyokula mbele ya televisheni, na unene wao ukaongezeka polepole kuliko wa wenzao. Mazoezi yao, hata hivyo, hayakuongezeka kwa kiasi cha kuhesabika, wala pumzi zao hazikuwa na nguvu zaidi. Huenda muda uliookolewa kwenye televisheni ulikwenda kwenye mambo mengine ya kukaa.

Mwaka 2022 watafiti wa Denmark walitoa matokeo yenye sura nyingine. Familia 89 zenye watoto 181 ziligawanywa makundi mawili. Kundi moja, wazazi kwa watoto, lilikabidhi simu janja na tableti kwa wiki mbili, na kila mtu akawekewa kikomo cha saa 3 za skrini ya burudani kwa wiki nzima. Watoto wa kundi hilo waliongeza takriban dakika 45 kwa siku za kutokaa wala kulala, wakilinganishwa na wa kundi lililoendelea na maisha yake ya kawaida.

Vipimo vya majaribio haya mawili havifanani, na kutokaa kunakozungumziwa Denmark kunajumuisha hata kusimama na kutembeatembea, kwa hiyo asikimbilie mtu kusema watoto wale waligeuka wanariadha. Hata hivyo, tofauti moja tunaiona ni nzito: Denmark, mzazi naye aliweka simu yake chini. Mtu mzima asiye na simu mkononi hachukui muda kuchoka kukaa. Atainuka, atatoka nje, atatafuta la kufanya, na mtoto atamfuata. Ndiyo maana msimamo wetu ni kwamba muda wa kujongea upangwe kwanza, upewe saa yake, mahali pake na mtu wa kuusimamia, kisha skrini ipewe kinachobaki. Nyumba nyingi hufanya kinyume, zikianza na kukataza na kuishia hapohapo.

Kujongea huko ni kiasi gani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli ya nguvu ya kati hadi kubwa, wastani huo ukipigwa kwa wiki nzima. Siku zisizopungua 3 katika wiki ziwe na shughuli kali ya kuendesha moyo, na pia za kuimarisha misuli na mifupa. Kuhusu skrini, mwongozo huo unasema tu muda wa burudani upunguzwe. Hautaji idadi ya saa kwa umri huu, kwa kuwa ushahidi wa kuweka namba moja haukutosha. Saa 2 ambazo kila mtu anazinukuu zimo katika mwongozo wa Kanada wa 2016. Namba ya Shirika la Afya Duniani ipo kwa wadogo: kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, mwongozo wake wa 2019 unataka skrini isizidi saa 1 kwa siku.

Hali yenyewe si nzuri. Makadirio ya shirika hilo yaliyotumia takwimu za mwaka 2016 kutoka nchi 146 yalionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikishi kiwango: wasichana asilimia 85, wavulana 78.

Mzazi hahitaji saa ya kisasa ya mkononi kujua kama mtoto yumo ndani ya kiwango. Mwambie aimbe. Akiweza kuzungumza lakini wimbo unamkatika, hiyo ni nguvu ya kati. Akitoa maneno mawili matatu kisha avute pumzi, ni nguvu kubwa. Akiimba ubeti mzima bila shida, anatembea tu, na kutembea hivyo kuna faida zake lakini hakuingii kwenye zile dakika 60. Dakika zenyewe si lazima zifuatane. Kumi za kwenda shule kwa mwendo wa haraka, kumi na tano za mapumziko, kumi za kurudi na ishirini na tano za kucheza jioni zinatimiza hesabu.

Mifupa ina hesabu yake pia. Sehemu kubwa ya uimara wa mifupa hujengwa kabla ya miaka 20, na kinachoiamsha ni kishindo: kuruka, kutua, kukimbia na kugeuka ghafla. Kuogelea na kuendesha baiskeli ni mazoezi mazuri ya moyo ila yana kishindo kidogo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2001 liliwarusha watoto wa umri wa kuanza shule ya msingi mara 100 kwa kila kipindi, kutoka juu ya visanduku vya sentimita 61, siku 3 kwa wiki kwa miezi 7. Madini ya mifupa ya nyonga na uti wa mgongo yaliongezeka kuliko ya wenzao waliokuwa wakinyoosha viungo tu. Hatumwambii mtu awapange watoto wake juu ya meza. Jaribio lile lilikuwa na wasimamizi, na kamba ya kuruka inatoa kishindo cha kutosha kwa kuanzia.

Sasa tuitazame siku ya mtoto wa miaka 10. Usingizi saa 10. Shule pamoja na njia, saa 8. Kula, kuoga, kuvaa na kazi ndogondogo za nyumbani, saa 2. Kazi za shule za jioni, saa 1. Jumla ni 21, zimebaki 3. Ukitoa saa 1 ya kucheza kwa nguvu, skrini inaweza kupata mpaka 2 na siku ikafungana. Mtoto anayekaa kwenye skrini saa 4 lazima azikope 2 mahali, na mkopaji huanza kwa kilicho dhaifu: kucheza, kisha usingizi. Darasani hawezi kukopa, chakula hakikopeki. Na pale panapokuwa na masomo ya ziada ya saa 2 kila jioni, zile 3 zimebaki 1 hata kabla simu haijawashwa. Hili hatulisemi vya kutosha. Mfupa haujui kama mwenye nao amekaa kwa ajili ya hesabu au kwa ajili ya katuni, na mzazi anayemlaumu mtoto kwa gemu huku akimlipia masomo ya ziada siku 6 kwa wiki ana sehemu yake katika lawama hiyo.

Shule ndiko watoto wote hupatikana, wenye uwanja nyumbani na wasio nao, kwa hiyo turuhusu tukae hapa zaidi. Kipindi cha elimu ya viungo kikiwa kwenye ratiba (na kikiwa hakijamezwa na somo la mtihani), watu hudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Chukua kipindi cha dakika 40. Kubadili nguo na kufika uwanjani kunaweza kula 8, kuita majina 4, maelezo ya mwalimu 6, kurudisha vifaa na kunawa 4. Zimebaki 18. Sasa weka humo mbio za kupokezana ambazo walimu wengi tunazipenda kwa sababu hazina fujo: watoto 40, mistari miwili ya 20, kila mmoja akimbie sekunde 15. Anayemaliza anangoja wenzake 19, yaani dakika 4 na sekunde 45. Katika dakika 18 hizo kila mtoto anakimbia mara 3 au 4, isiyozidi dakika moja. Kipindi cha dakika 40 kimempa wastani wa sekunde 54 za mazoezi, na sauti za kushangilia zimewadanganya wote kwamba watoto wamecheza.

Gawa watoto haohao mistari 10 ya wanne wanne. Anayemaliza anangoja wenzake 3, sekunde 45. Katika dakika 18 zilezile sasa anakimbia dakika 4 na nusu, karibu mara tano ya mwanzo, na hakuna kilichonunuliwa zaidi ya alama za chokaa kwenye ardhi.

Mpira wa miguu wa darasa zima una tatizo lilelile kwa sura nyingine. Ishirini kwa ishirini na mpira mmoja, hodari watano watakimbia hadi wachoke, kumi watazungukazunguka, waliobaki watasimama karibu na goli wakipiga soga. Wagawe wanne kwa wanne, uwanja wa takriban mita 20 kwa 15, bila golikipa, goli liwe dogo la upana wa mita 1 ili asiwepo wa kulilinda kwa kusimama. Badilisha wapinzani kila baada ya dakika 4. Mipira ikiwa miwili tu, mechi mbili zichezwe na watoto wengine wafanye vituo, kisha wabadilishane.

Vituo ndivyo tunavyovipenda kuliko vyote kwa darasa kubwa. Weka 8, kila kimoja watoto 5: kuruka kamba, pushapu za magoti chini, kukimbia kwenda na kurudi mita 10, kuchuchumaa na kuinuka, kutembea kwa mikono na miguu tumbo likitazama juu, kuruka mstari kwa pembeni, kushoto na kulia, kupanda na kushuka kidaraja cha sentimita 20, kurushiana mpira huku wakisogea. Sekunde 40 za kazi, 20 za kuhama. Mzunguko mmoja ni dakika 8, miwili ni 16, na unaingia katika zile 18 zilizobaki. Huharibika wapi? Kwanza, kwenye kuhama: watoto wasipojua wanakwenda upande gani, sekunde 20 huwa 60. Wazungushe mara moja bila zoezi lolote siku ya kwanza, wote kufuata mkono wa kulia, na tatizo limekwisha. Pili, kuweka vituo vitatu vya miguu vikifuatana. Mapaja yakiungua mtoto husimama. Changanya miguu, mikono, miguu.

Kamba nayo ina ufundi wake, na ni kifaa tunachoona kikitumika vibaya kuliko vingine. Mtoto aikanyage katikati kwa mguu mmoja, ncha zifike kwapani. Ikizidi hapo inamchelewesha na kumkwaza; ikipungua inampiga kisogoni. Kamba nyepesi ya nailoni haizunguki vizuri kwa anayejifunza, inaelea; bora nzito kidogo. Arushe mwili sentimita 2 au 3 tu, atue kwa sehemu ya mbele ya nyayo, magoti yakiwa yamelegea. Wanaoanza wengi huruka juu mno na kuzungusha mkono mzima kutoka begani, ndiyo maana huchoka kwa raundi 10. Zungusha kwa viwiko na vifundo vya mikono. Palipo na udongo au nyasi ni bora kuliko zege.

Michezo ya kutoana iangaliwe upya. Katika kukimbizana au kukwepa mpira, anayetolewa kwanza ni yule asiye mwepesi, yaani ndiye mwenye kuhitaji mchezo huo kuliko wote, naye hupumzika hadi mwisho akitazama wepesi wakizidi kuwa wepesi. Sheria ni rahisi kuibadili: aliyeguswa atoke pembeni, aruke mara 10, arudi.

Muda unaopotea mwanzoni unaweza kuokolewa. Watoto wakifika uwanjani waanze papo hapo kuzunguka kwa mwendo wa haraka, majina yaitwe wakiwa njiani. Maelezo yasizidi dakika 1 kwa mara moja. Eleza sheria moja, waanze, simamisha, ongeza ya pili. Wanaojifunza mchezo hawahitaji sheria zote tano kabla ya kugusa mpira.

Tuseme pia lisilopendwa. Kumkimbiza mtoto raundi za uwanja kwa sababu alichelewa, au kumrusha kichura kwa sababu hakumaliza kazi, ni kumfundisha kwamba mazoezi ni adhabu. Kumzuia asitoke mapumziko ili anakili maandishi ubaoni ni kosa la upande wa pili: kunamnyima dakika 15 au 20 ambazo huenda ndizo pekee alizokuwa nazo siku hiyo. Shule za Finland zimezoea dakika 45 za somo zikifuatwa na 15 za mapumziko, na hakuna anayezisema kwa uvivu. Scotland, mwaka 2012, shule moja ya msingi ya Stirling ilianza kuwatoa watoto nje kila siku dakika 15 wakimbie au watembee kila mmoja kwa kasi yake, bila kubadili nguo, bila mashindano, mwalimu akichagua saa inayomfaa. Mpango huo umesambaa katika nchi nyingi kwa sababu hauhitaji mpira, sare wala mtaalamu. Ukivunjika huvunjikia mahali pamoja: mtu akianza kupima nani wa kwanza. Siku hiyo wazito huanza kutafuta sababu za kubaki darasani.

Wasichana wanahitaji zaidi ya maneno ya kuhimiza. Idadi yao uwanjani hushuka wanapoingia umri wa kubalehe, na sababu hazifichiki: uwanja umetekwa na wavulana, hakuna pa kubadilishia nguo, hakuna pedi wala maji, na kuna macho na matani. Tenga siku 2 kwa wiki ambazo uwanja ni wao. Ruhusu suruali ya michezo na kitambaa cha kichwa kwa anayetaka. Hedhi si marufuku ya mazoezi. Anayejisikia vizuri acheze, mwenye maumivu apumzike bila kuhojiwa mbele ya darasa.

Nyumbani, kumwambia mtoto "nenda kacheze" mara nyingi hakutoshi, hasa kwa aliyezoea kuchezeshwa na skrini. Anahitaji saa inayojulikana, mwenzake na kifaa. Wakati mzuri ni mara tu anapotoka shule, kabla hajakaa. Akishavua viatu, akashika simu "kidogo tu", kumwinua ni kazi nyingine. Wanaoishi ghorofani au kwenye chumba kimoja wana njia pia: mazoezi matano, sekunde 30 kila moja na 30 za kupumzika, mizunguko mitatu, dakika 15 zimepatikana. Chuchumaa na kuinuka, ubao wa viwiko (kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka), kupanda na kushuka ngazi, kuinua magoti papo kwa papo, kusukuma ukuta. Usiweke ya kuruka kama chini yako kuna jirani. Mtoto akicheza dansi ya kufuata video hadi ashindwe kuimba, dakika hizo zihesabiwe za mazoezi hata kama skrini ilikuwa imewashwa.

Sasa tufike kwenye simu yenyewe. Ugomvi mwingi hutokana na kupima kwa dakika kitu kisichokwenda kwa dakika. Mechi ya gemu ya watu wengi mtandaoni haina kitufe cha kusimamisha, na anayetoka katikati huwaangusha wenzake na katika baadhi ya gemu hukatwa pointi. Mzazi akisema "dakika 30 zimekwisha, zima" mtoto akiwa katikati ya mechi, kwa mtoto huo ni uonevu. Pima kwa vipande vya mchezo wenyewe: mechi 2, sehemu 2 za katuni, kisha mwisho. Video fupi zinazoteleza bila kikomo hazina pa kukatia; hizo ndizo zinazohitaji saa ya kengele, tena iliyo kwenye chombo kingine, iliyo mbali kiasi cha kumlazimu ainuke kuizima. Zima pia kipengele cha video kujiendesha zenyewe baada ya moja kuisha. Arifa za gemu na mitandao zizimwe zote.

Simu nyingi zina sehemu ya mipangilio inayohesabu matumizi na kufunga programu ikifika kikomo. Itumieni, ila mjue inavyokwepwa. Namba ya siri huwa mwaka wa kuzaliwa wa mtu wa nyumbani, na watoto huianzia hapo. Kwenye baadhi ya simu, kubadili saa au tarehe hurudisha hesabu nyuma. Kilichofungwa kwenye programu hufunguliwa kupitia kivinjari. Kifunga hicho kinafaa kama ukumbusho kwa makubaliano yaliyokwishafanyika; kikiwekwa kimyakimya badala ya makubaliano, kinakuwa gemu jingine.

Usiku, simu zote zichajiwe sebuleni, za wazazi zikiwemo. Kisingizio cha kengele ya asubuhi kinamalizwa na saa ndogo ya mezani. Mwanga wa skrini, hasa wa buluu, huchelewesha homoni ya usingizi, na mboni za watoto ni pana na lenzi zao ni safi kuliko zetu, kwa hiyo mwanga mwingi zaidi unaingia. Kupunguza mwanga husaidia kidogo, lakini gemu la kusisimua linaamsha hata likiwa na mwanga hafifu. Acheni saa nzima kabla ya kulala. Wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, wa 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Aliyepata usingizi wa saa 6 tu hamtamtoa kitini kesho yake kwa hoja yoyote.

Macho yanastahili aya yao. Katika jaribio la Guangzhou, China, lililochapishwa mwaka 2015, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya 39.5 kwa wenzao. Inaonekana mwanga ndio siri: nje mchana hufika luksi (kipimo cha mwanga) 10,000 na zaidi, ndani ya darasa mara nyingi haufiki 500. Kivuli cha mti kinatosha, mtoto hana haja ya kuchomwa na jua. Anapotumia skrini, kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20, na akumbushwe kupepesa, maana akikazia skrini macho hupepesa mara chache mno na yakakauka.

Serikali nazo zimeingia. Ufaransa ilipiga marufuku simu katika shule za msingi na za kati mwaka 2018. China, mwaka 2021, iliwaachia walio chini ya miaka 18 saa 1 tu ya gemu mtandaoni, saa 2 hadi saa 3 usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sheria ya Australia ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao ya kijamii ilianza kutumika Desemba 10, 2025. Hatuzipingi. Ila zote ni za kuzima, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoweka mpira uwanjani.

Tahadhari chache za kiafya. Mwenye pumu apashe mwili moto polepole dakika 10 hadi 15, na kama daktari amempa dawa ya kuvuta kabla ya mazoezi, aitumie dakika 15 kabla, asizuiwe kucheza. Mwenye selimundu acheze kwa kiasi alichoelekezwa na daktari, anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka, na asipangiwe kushindania muda. Maumivu chini ya goti au kisiginoni kwa watoto wa miaka 8 hadi 15 wanaokua kwa kasi huwa ni ya sehemu ya mfupa inayokua. Punguzeni kuruka na kukimbia kwa muda, na yakizidi aonwe kliniki. Walio kwenye timu wasizidishe saa za mafunzo kwa wiki kupita idadi ya miaka yao, na wapate angalau siku 1 ya kupumzika. Mtoto akizimia au akipata maumivu ya kifua katikati ya mazoezi, asimamishwe na asirudi uwanjani mpaka daktari amwone. Watoto wenye ulemavu wamo katika mwongozo uleule wa dakika 60, kwa kadiri ya uwezo wao. Kumpa mmoja wao filimbi na kumketisha pembeni ni kumtoa kwenye somo.

Ombi letu kwa kamati za shule na wazazi ni moja. Kabla ya kuitisha kikao kingine cha simu, pimeni kipindi kimoja cha michezo. Chagueni mtoto mmoja kutoka katikati ya orodha ya majina, asiwe nyota wa timu, na yeye asijue. Kila baada ya sekunde 20 mtazamaji aweke alama: amekaa, amesimama, anatembea, anakimbia. Kipindi cha dakika 30 kitatoa alama 90, na 45 kati yake zinapaswa kuwa za kutembea na kukimbia. Rudieni kwa mtoto wa pili na wa tatu wiki inayofuata, kisha hesabu hiyo ibandikwe mahali wazazi wanapoiona, pale pale panapobandikwa matokeo ya mitihani.

Ni sisi,
Walimu wa elimu ya viungo na wahudumu wa afya ya watoto